Orioles 15-28: Kocha kafungashiwa virago, lakini nani alijenga timu bila warushaji?

Mzaramo wa Baltimore

Leo Jumamosi, 17 Mei 2025, timu ya besiboli ya Baltimore Orioles imemtimua kocha Brandon Hyde. Mechi 43, ushindi 15, vipigo 28, mkiani mwa kundi la Mashariki la American League, moja ya ligi mbili kuu za besiboli Marekani. Aliyekuwa kocha wa kona ya tatu, Tony Mansolino, amekabidhiwa timu kwa muda.

Kwa ndugu mnaopita tu na besiboli hamuifuati: msimu una mechi 162, karibu kila siku watu wako uwanjani, kwa hiyo kipigo kimoja ni manyunyu, unafuta uso unaendelea na safari. Vipigo 28 kati ya 43 ni masika ya Jangwani. Magari hayapiti.

Sasa hoja yangu, mnipinge mkiweza. Hyde katolewa kafara. Besiboli inaanzia kwa mrushaji, yule anayesimama juu ya kilima katikati ya uwanja, na Orioles waliingia msimu huu wakijua kabisa hawana warushaji. Corbin Burnes, aliyekuwa nguzo yetu mwaka jana, kaenda Arizona kwa mkataba wa miaka sita, dola milioni 210. Kyle Bradish alipasuliwa kiwiko Juni mwaka jana, upasuaji ule wa Tommy John unaomweka mtu nje mwaka mzima na zaidi. Grayson Rodriguez ni majeruhi tangu maandalizi ya msimu. Pengo la Burnes limezibwa na nani? Charlie Morton, miaka 41, kwa dola milioni 15, na Tomoyuki Sugano, miaka 35, kutoka Japani kwa milioni 13. Sugano simsemi vibaya, mzee anajitahidi. Morton kapoteza mechi zake tano za kwanza alizoanzisha, zote tano.

Na hii si bahati mbaya ya mwaka mmoja. Tangu Mike Elias ashike ukurugenzi mwishoni mwa 2018, kila chaguo lake la kwanza katika usajili wa makinda ni mpigaji: Adley Rutschman 2019, Kjerstad 2020, Cowser 2021, Holliday 2022, Bradfield 2023, Honeycutt 2024. Miaka sita, hakuna mrushaji hata mmoja. Juu ya hapo, ukuta wa upande wa kushoto wa uwanja wetu, Camden Yards, waliousukuma nyuma kabla ya msimu wa 2022, wameurudisha karibu mwaka huu huu, mipira ya wapinzani ivuke kirahisi. Yaani umeuza mbwa, halafu usiku huo huo ukapunguza uzio.

Elias mwenyewe kakiri hadharani kwamba mwanzo huu mbaya ni jukumu lake. Sawa. Mbona aliyebeba begi ni Hyde?

Dada wa Towson

Kaka, umeandika vizuri, lakini umeruka mambo. Warushaji hawajapiga mpira. Mwaka jana timu hii ilipiga homrani 235, ile mipira inayovuka ukuta, Yankees peke yao ndio waliowazidi. Mwaka huu akipanda kilimani mrushaji wa mkono wa kushoto, vijana wetu wanageuka sanamu. Rutschman si yule tuliyemzoea, na hajawa yule tangu katikati ya mwaka jana. Hapo Elias akanunue mrushaji gani wa kumfundisha Adley kupiga?

Na tusijifanye tumesahau. 2023 tulishinda mechi 101, Hyde akapewa tuzo ya kocha bora wa American League, tukaingia mtoano na Texas wakatufagia mechi tatu bila. 2024 tukarudi, Kansas City wakatufagia mbili bila, na katika mechi zote mbili tukapata alama moja. Moja! Tena Burnes ndiye aliyerusha ile ya kwanza, akaruhusu alama moja tu, tukafungwa 1-0. Siku ile mrushaji tulikuwa naye.

Mzaramo wa Baltimore

Hiyo ya Burnes umenichoma, dada. Nakubali. Lakini Pasaka ya mwaka huu ulikuwapo? Cincinnati walitupiga 24-2 nyumbani kwetu. Mwisho wa mechi waliokuwa wanarusha ni Jorge Mateo na Gary Sánchez. Sánchez ni mdakaji, kazi yake ni kudaka mipira ya mrushaji! Timu ikimpandisha mdakaji wake kilimani, ni sawa na harusi ambayo pilau imeisha na dereva wa basi anaombwa akaange mayai. Lawama hiyo utampa mshenga?

Dada wa Towson

Nilikuwapo. Nilitoka kipindi cha nne. Na hizo alama mbili tulizopata, nazo ni za warushaji?

Hesabu Haziongopi

Acheni hisia kidogo. Mwaka jana nafasi mbili za mwisho za mtoano upande wetu zilichukuliwa na Royals na Tigers, kila mmoja kwa ushindi 86. Sisi tuna 15. Tunahitaji 71 katika mechi 119 zilizobaki, karibu sita katika kila kumi. Ule mwaka wa dhahabu wa ushindi 101 tulikuwa tunashinda sita na kidogo katika kila kumi. Kwa hiyo anayesema "bado mapema" anasema timu hii, bila Burnes, bila Bradish, bila Rodriguez, itacheza kuanzia kesho karibu sawa na ilivyocheza 2023, hadi mwisho wa Septemba, bila kupumzika.

Sijasema haiwezekani. Nimesema bei yake ndiyo hiyo.

Msukuma wa Philly

Poleni majirani. Niwakumbushe ya kwetu huku Philadelphia. Mwanzoni mwa Juni 2022 Phillies tulikuwa 22-29. Joe Girardi akatimuliwa, akapewa Rob Thomson, mtu mpole ambaye nusu ya mji haikujua hata jina lake. Tukamaliza na ushindi 87, tukaingia kwa mlango wa nyuma, tukafika World Series, yaani fainali. Wachezaji wale wale. Kilichobadilika ni hewa ndani ya chumba cha kubadilishia nguo. Kwa hiyo msidharau kumfukuza kocha, kuna wakati dawa ni hiyo hiyo.

Mzaramo wa Baltimore

Msukuma, karibu, japo ungeacha kofia yako mlangoni. Mfano wako mzuri, ila umesahau kutaja mliokuwa nao kilimani: Zack Wheeler na Aaron Nola. Mpe Thomson kikosi chetu cha warushaji tuone kama hiyo hewa ingetosha.

Na mimi nina mfano wangu, tena wa wageni wetu wa wikiendi hii. Washington Nationals, 2019, walikuwa 19-31. Mji mzima ulitaka kichwa cha Dave Martinez. Hawakumfukuza. Kuanzia hapo wakashinda 74, wakapoteza 38, wakatwaa World Series. Kilima chao kilikuwa na Scherzer, Strasburg na Patrick Corbin. Mnaona mstari unaounganisha mifano yote miwili? Mmoja kafukuzwa, mwingine kabakizwa, zote mbili zikafika fainali. Kocha hakuwa tofauti. Tofauti ilikuwa mikono ya kurusha.

Hesabu Haziongopi

Hapo umeshinda hoja, lakini umejifunga mwenyewe. Kama kocha hana uzito, basi kumfukuza Hyde hakujaharibu kitu. Unalilia nini?

Yanga Damu, Dar

Samahani wakubwa, nauliza kutoka mbali. Huo mchezo naona kocha kavaa jezi kama wachezaji, anakaa kwenye shimo anatafuna mbegu. Kazi yake hasa ni ipi? Maana huku kwetu kocha akitoa sare mbili tayari watu wanauliza ndege ya kwao inaondoka saa ngapi.

Dada wa Towson

Karibu mdogo wangu. Anapanga nani anapiga wa kwanza, wa pili, hadi wa tisa. Lakini pale anapopimwa hasa ni kuamua mrushaji aliyechoka atolewe lini na aingie nani. Ukimtoa mapema, wale wa akiba wataisha kabla ya wiki kuisha. Ukimchelewesha, mpira unaenda barabarani. Na anafanya hivyo karibu kila siku kwa miezi sita. Ndiyo maana nasema kocha ana uzito, hata kama si uzito wote. Hyde alikuwa na timu hii tangu 2019. Alivumilia ile 2021 ya vipigo 110, akawalea hawa watoto mmoja mmoja, nami nilimpenda. Ila mwaka huu ukimtazama usoni ulikuwa unaona mtu aliyeishiwa maneno. Walimu mnajua. Darasa lile lile, mwaka wa saba, chaki inafika mahali haiandiki.

Yanga Damu, Dar

Nimeelewa, dada. Kumbe mbegu ni za presha.

Babu wa '88

Wanangu, hamjambo. Nawasoma tangu asubuhi na mnaniburudisha, maana mnalia na 15-28 kana kwamba ni msiba.

Mimi niliingia mji huu mwanafunzi, mtoto wa Mombasa, sijui besiboli ni mnyama gani. Mwenzangu wa chumbani akanivuta Memorial Stadium. Mwaka wenyewe ni 1988. Orioles walipoteza mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zilipofika sita wakamfukuza kocha, Cal Ripken mkubwa, na huku wanawe wawili, Cal na Billy, wamo uwanjani wanacheza. Hebu fikirini, baba anafukuzwa kazi na watoto kesho yake lazima waingie kazini pale pale. Akapewa Frank Robinson, mmoja wa wachezaji wakubwa waliopata kuvaa jezi hii. Mnajua Frank aliokoa nini? Akapoteza 15 mfululizo! Zikawa 21 bila ushindi hata mmoja. Kwa hiyo anayesema kubadili kocha ni dawa, na amuulize Frank. Lakini na anayesema kocha ndiye aliyekuwa ugonjwa, naye akae chini.

Ila nililotaka kusema ni hili. Walirudi nyumbani tarehe 2 Mei wakiwa na ushindi mmoja na vipigo 23, na watu zaidi ya 50,000 wakajaa uwanja kuwapokea. Elfu hamsini! Nilikuwa juu kabisa kwenye viti vya bei ya mwanafunzi. Na usiku ule ndipo ilipotangazwa kwamba timu imeweka saini kubaki mjini na utajengwa uwanja mpya katikati ya mji. Ndiyo hiyo Camden Yards mnayoizungumza, iliyofunguliwa 1992. Msimu wenyewe uliisha na vipigo 107, usinidanganye mtu kwamba ulikuwa mtamu. Mwaka uliofuata wakashinda 87, wakakosa ubingwa wa kundi kwa mechi mbili tu nyuma ya Toronto.

Mzaramo, Elias nakubaliana nawe. Mtu anajenga nyumba miaka sita hajaweka bati. Lakini huyu tajiri mpya Rubenstein, mtoto wa hapa hapa Baltimore, kanunua timu mwaka jana kwa zaidi ya dola bilioni moja na nusu. Yeye je, mbona hamumgusi? Mkurugenzi hutumia fedha anayopewa.

Mzaramo wa Baltimore

Shikamoo babu. Hapo kwa Rubenstein nilikwepa makusudi, maana nilikuwa nampa muda. Muda wenyewe naona unayeyuka.

Msukuma wa Philly

Swali basi badala ya lawama. Mwisho wa Julai dirisha la kubadilishana wachezaji linafungwa. Mtauza? Mullins, O'Hearn na Eflin mikataba yao inaisha mwaka huu. Mkiwashikilia mkamaliza wa tano, wanaondoka Novemba, mnabaki na kumbukumbu.

Dada wa Towson

Mullins usimguse! Aliteseka nasi miaka ile ya jangwa, leo tumuuze kama mbuzi wa Idi?

Hesabu Haziongopi

Muuze. Na O'Hearn. Na chochote mtakachopewa, kiwe ni mrushaji. Mpigaji kinda mwingine akiingia mji huu nahamia Philadelphia.

Mzaramo wa Baltimore

Mimi nasema wasubiri hadi mwishoni mwa Juni. Kama hatujakaribia nusu kwa nusu, wauze wote wanaomaliza mikataba, Mullins naye akiwamo, dada unisamehe. Ila asiyeaminika kuuza ni yule yule aliyeshindwa kununua. Ukimwachia Elias soko la Julai, atarudi na wachezaji watatu wa kupiga wenye miaka 19.

Hesabu Haziongopi

Mechi ya leo imeisha. Mansolino kaanza kwa kipigo mbele ya Nationals. Sasa ni 15-29. Zinatakiwa 71 kati ya 118.

Dada wa Towson

Na warushaji wao wamefanya nini cha ajabu? Hakuna. Nimewaambia ni fimbo, ni upigaji wetu, hamsikii.

Mzaramo wa Baltimore

Nationals wametandika mpira huku na kule, dada, na waliokuwa wanawarushia ni wa kwetu. Tutalumbana hadi asubuhi. Babu, kesho nina tiketi mbili upande wa kulia, kule kwenye lile ghala la matofali. Twende?

Babu wa '88

Nakuja, na karanga juu yangu. Lakini nikimwona Morton anapanda kilimani, mimi naelekea maegesho, utanikuta garini.