Utafiti wa meno ya watu wazima, walio vijijini wanahesabiwaje?

mwana_ujiji: Wakuu habari zenu, hivi hizi tafiti za kitaifa za meno ya watu wazima huwa zinafanywaje? Mama yangu mdogo yuko Uvinza ndani huko, gego limetoboka mpaka shavu limevimba, anasukutua maji ya chumvi na kumeza panado tu maana nauli ya kuja mjini hana. Mtu kama huyu anahesabiwa wapi?

tabibu_meno: Pole sana mkuu. Kama hajafika hospitali kwenye daftari hayumo, ndo maana utafiti mzuri unawafuata watu majumbani. Uingereza walianza 1968, kaya zinachaguliwa kwa bahati nasibu, daktari anakuja na kioo anahesabu yaliyooza, yaliyozibwa na yasiyokuwepo, halafu wanauliza kuhusu matibabu na gharama. Mwaka 1968 England na Wales 37% ya watu wazima hawakuwa na jino hata moja, 2009 ukijumlisha na Ireland ya Kaskazini ikawa 6%. Ila mama asisubiri, shavu likivimba hivyo panado haitoshi, na akishindwa kumeza au kufungua mdomo hiyo ni dharura, mleteni leo leo.

kasulu_kwetu: Mi naomba wahesabu na meno yaliyong'olewa wakati yangezibika, huku ukienda na jino ni koleo tu, vifaa vya kuziba hamna, inauma sana.

mwana_ujiji: Asante daktari, nishamtumia binamu nauli, wanakuja naye.