Ushauri: Niuze PS4 zangu ninunue PS5, ama gemu zenyewe hakuna?

Pedi_Kisauni: Assalaam aleikum wanajukwaa. Nina banda la gemu huku Kisauni, PS4 nne (zile PlayStation, mashine za gemu za Sony) na runinga nne. Kuna mtu azitaka zote kwa mkupuo, na hela hiyo nikiongeza kidogo napata PS5 mbili. Lakini wateja wangu wenyewe wanivunja moyo: "PS5 ina nini ambacho hii haina?" Nikaangalia, na kweli, gemu kali zilizo za PS5 peke yake ni za kuhesabu. Mashine imetoka Novemba 2020, imeuza zaidi ya milioni 80. Vipi dude lipendwe hivi halafu liwe na ukame wa gemu? Nielezeni kabla sijashika hela ya watu.

Mzee_Katriji: Yakhe, mashine kuuzika ni jambo moja, gemu kuja ni jambo jingine. Wii ya Nintendo ya 2006 iliuza zaidi ya milioni 100, na bado gemu kubwa kama GTA IV ya 2008 haikukanyaga pale. Wii haikutoa picha kali ya HD kama mashine shindani za wakati ule, PS3 na Xbox 360, na pedi yake ni ya kupunga mkono. Kampuni ya nje ikitaka kuleta gemu kubwa, yabidi iijenge upya, tena kwa wanunuzi ambao wengi wao waliridhika na Wii Sports iliyokuja ndani ya boksi. Hesabu hailipi.

BintiMajengo: Mzee, hiyo ni kesi ya Wii. PS5 nguvu inazo, tatizo ni pesa na muda. Nyaraka za mahakamani Marekani mwaka 2023 zilionyesha gemu ya Sony, The Last of Us Part II, iligharimu kama dola milioni 220. Kwa gharama hiyo hutoi gemu kila mwaka, wala huifungii kwa mashine mpya ilhali PS4 zaidi ya milioni 100 zilishauzwa. Ndiyo maana God of War Ragnarök ya 2022 ikatoka kwa zote mbili. Juu ya hayo Sony wakakimbilia gemu za mtandaoni za kumkamua mchezaji miaka nenda miaka rudi. Ile ya The Last of Us wakaifuta Desemba 2023, na Concord ya 2024 ikaondolewa baada ya wiki mbili! Nguvu kazi yote ile ingetupa gemu ngapi? Hapo ndipo damu hunichemka.

Fundi_Likoni: Mwasema kweli, ila huyu ana biashara. Kaka, wateja wako wacheza nini? Kama ni mpira, ukame huo haukuhusu. Anayelipia mechi hana haja ya hadithi ya saa 30. Na PS5 yenye tundu la diski yasoma karibu diski zote za PS4, hivyo usinunue isiyo na tundu. Linalonitia wasiwasi ni viti. Wauza vinne wanunua viwili. Ijumaa usiku wale wa kwenye benchi utawaambia nini? Uza mbili zilizochoka, zile ambazo feni zimeshaliwa na chumvi ya hewa yetu.

Pedi_Kisauni: Shukran sana. Ni mpira na Mortal Kombat, ile gemu ya kupigana, tu hapa. Nauza mbili, nachukua PS5 moja, mnunuzi akikataa basi. Mechi ya PS5 niongeze bei?

BintiMajengo: Ongeza shilingi kumi.

Fundi_Likoni: Runinga yake ni ya 4K kwanza, ile ya picha kali kuliko HD? Kama siyo, asiongeze hata ndururu.