Wembe wa kukunja kwa ndevu ngumu: uliochimbwa sana au nusu?

Kinyozi wa Ngamiani
Salaam wakuu. Nachagua kati ya nyembe 2 za kukunja, zote upana inchi 5/8 (kama milimita 16). Mmoja ubavu umechimbwa (yaani umesagwa ukaingia ndani na kuwa mwembamba) pande zote mbili hadi ukiugusa kwa ukucha unalia. Wa pili umechimbwa nusu, mzito kidogo. Ndevu ni za kipilipili, za siku 4 au 5. Vinoo vilivyopo ni namba 1000 na 8000 (namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi). Upi unafaa, na unoaji unatofautiana?

Mnoaji Makorora
Mkuu, chukua wa nusu. Sababu si ukali. Kwenye kinoo, mgongo na makali hulala pamoja, kwa hiyo pembe inatokana na unene wa mgongo na upana wa wembe: mgongo wa milimita 4.5 kwa upana wa 16 unatoa nyuzi kama 16, uwe umechimbwa sana au kidogo. Tofauti ni chuma kilichobaki nyuma ya makali. Kikiwa chembamba mno, kwenye kidevu chenye ndevu nene makali yanapinda na kutetemeka, yanaruka nywele, kisha yanakwaruza ngozi.

Kunoa ndiko wengi wanakoharibu. Wembe uliochimbwa sana ukiukandamiza, ubavu unajipinda na makali yanainuka. Utasugua nusu saa na makali hayajaguswa. Uzito wa wembe wenyewe unatosha. Wa nusu unavumilia kukandamizwa kidogo kwenye 1000, mwanzoni tu. Paka makali wino wa kalamu nene, pitisha kwenye jiwe mara 3: wino ukibaki, hapo jiwe halijafika. Usihamie 8000 kabla wino haujafutika kote, pande zote mbili.

Ongeza kinoo cha 4000. Kuruka kutoka 1000 hadi 8000 kunaacha mikwaruzo mirefu inayochelewa sana kuisha. Malizia na mkanda wa ngozi, mara 50, mgongo ukitangulia, na geuza wembe kwa mgongo, kamwe si kwa makali, la sivyo utakata mkanda.

Chumbageni
Nakubaliana kuhusu kidevu, lakini uliochimbwa sana usiudharau. Kwa kusafisha shingo na mistari ya pembeni hauna mpinzani: ni mwepesi, na mlio wake ukibadilika ghafla unajua pembe imepotea. Ulaze kama nyuzi 30, vuta ngozi vizuri. Ila ndevu za kipilipili usizinyoe kinyume na uelekeo wake, kwa wembe wowote. Zikikatwa chini mno, ncha inajikunja na kuingia ngozini, ndivyo vipele vinavyoanza. Kwanza taulo la maji moto dakika 3.

Kinyozi wa Ngamiani
Shukrani. Na kutu, kwa huu upepo wa bahari?

Mnoaji Makorora
Futa kwa kitambaa kikavu, hasa kwenye pini inayounganisha wembe na mpini, ambako maji hujificha, uache wazi ukauke, kisha paka tone la mafuta ya cherehani. Ya nazi yanaganda. Usiuhifadhi kwenye mfuko wa ngozi, unashika unyevu. Kutu ikila makali, kila kitobo ni pengo, na wembe mwembamba hauna chuma cha kusugua mara nyingi.

Na wateja wa saluni wote wapate wembe wa kubadilisha, mmoja kwa mtu mmoja. Huu wa kukunja ubaki wa mwenyewe, kwa sababu ya damu.