Nimemaliza Vuta n'kuvute: nisome Kuli, Utengano, Nyota ya Rehema au Peponi?

BintiTanga:
Habari zenu wapenzi wa riwaya. Nimemaliza Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, na tangu hapo kila kitabu ninachokishika nakiona chapwa. Nilianza na filamu, ile ya Amil Shivji ya mwaka 2021, nikaipenda sana, ndipo nikaenda kutafuta riwaya. Riwaya imenishika zaidi. Yasmin anaozwa angali msichana mdogo kwa Bwana Raza, mtu wa umri wa kumzaa. Anamkimbia, jamaa zake wanamkataa, na anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, asiye na mali yoyote. Siasa za Denge, mpinga ukoloni wa humo kitabuni, nilizifuata kwa sababu nilikuwa nimeshamfuata Yasmin.

Duka ninalonunua vitabu lina vinne ambavyo nimevikodolea macho: Kuli, Utengano, Nyota ya Rehema na Peponi. Mfuko unaruhusu kimoja tu mwezi huu. Nishaurini, lakini kila mtu aseme na sababu zake. Na tafadhali sana, msinimalizie hadithi.

MzeeWaKariakoo:
Kuli, binti yangu, wala usisumbuke. Mwandishi ni yuleyule na mji ni uleule. Kilitoka mwaka 1979, miaka ishirini kabla ya hicho ulichomaliza. Humo utamkuta Rashid, kijana anayeingia bandarini kubeba mizigo, na polepole anafumbuka macho na kujua kwa nini jasho lake halimlishi. Nyuma ya hadithi upo mgomo mkuu wa Zanzibar wa 1948, ambao ni tukio la kweli. Ulianzia kwa makuli bandarini ukaenea mji mzima. Wewe umekutana na Denge akiwa tayari mwanasiasa, anawindwa na Inspekta Wright. Katika Kuli utaona mtu kama huyo anatengenezwa na nini. Nilikisoma nikiwa kijana kiwandani, nikajiona mimi mwenyewe mle ndani.

MsomajiNakuru:
Namheshimu mzee, lakini dada amesema wazi kuwa aliyemvuta ni Yasmin. Kuli ni kitabu cha wanaume. Wanawake wamo, ila hadithi haipiti mikononi mwao.

Mimi nampa Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980. Sisi Kenya tulikisoma kama kitabu teule na kutahiniwa nacho katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na ni miongoni mwa vichache nilivyovirudia kwa hiari yangu baada ya mtihani. Maimuna ni binti wa Bwana Maksuudi, mwanasiasa mwenye sura mbili: hadharani mtu wa watu, nyumbani jela tupu. Amemfungia binti yake ndani ya nyumba hata haijui njia ya sokoni. Siku mlango unapofunguka, Maimuna anatoka bila kujua chochote kuhusu ulimwengu, na anaishia kupokelewa na Mama Jeni, mwenye danguro.

Hapo ndipo ulinganisho na Yasmin unapokuwa mtamu. Wote wawili wametoka katika nyumba za kufungiwa, lakini mmoja amepokelewa na Mwajuma na mwingine na Mama Jeni. Maisha yao yanaachana pale pale mlangoni. Halafu kuna Bi Farashuu, mkunga mzee mwenye kisasi cha miaka mingi juu ya Maksuudi kwa sababu ya binti yake Mwanasururu. Kwangu mimi yeye ndiye mhusika mzito kuliko wote katika kitabu kile.

BiMkubwa_Unguja:
Asalaam aleikum nyote. Nimesoma vyote vinne, na jawabu langu ni Nyota ya Rehema. Mwanangu, kama hujakisoma hichi, bado hujaijua riwaya ya Zanzibar.

Kimetoka 1976, mwandishi ni Mohamed Suleiman Mohamed, yuleyule aliyeandika Kiu. Rehema kazaliwa ndani ya nyumba ya tajiri mwenye mashamba, Fuad, lakini kazaliwa na rangi ya mama yake. Kwa rangi hiyo tu, babake anamtilia shaka. Mtoto hajatenda jambo lolote, hajasema neno, tayari keshahukumiwa kwao. Yote yatakayomfika, mama wa kambo, kukimbia, mji na watu wake, yanatokana na siku ile aliyotazamwa usoni.

Vitabu vingi vya wakati ule vinakuonyesha mkubwa upande huu na mnyonge upande ule, na ukuta katikati. Hapa ukuta umepita ndani ya nyumba moja, baina ya baba na bintiye wa damu. Mwandishi hapigi kelele kabisa. Haweki hotuba. Anakueleza namna Rehema anavyokaa barazani peke yake, na hapo wewe mwenyewe unazijua siasa zote za Unguja wa zama zile. Akija kukutana na Sulubu, mkulima masikini anayekula kwa jembe lake, ndipo kitabu kinapofunguka kifua. Mambo ya ardhi yanayofuata sitoyasema, umetukataza.

Na lugha yake! Nakisoma kwa sauti, peke yangu, nikiwa nasubiri wali upigwe moto. Adam Shafi anakwenda mbio, anakusimulia kama mtu anayekupokea bandarini na habari mkononi. Huyu anatuliza. Sentensi zake ni za mtu aliyekaa.

Utengano sikikatai, ni kizuri. Ila pale mwandishi anatuhukumia mapema mno, unajua mtu mbaya ni nani tangu ukurasa wa mwanzo. Katika Nyota ya Rehema hata Fuad kuna wakati unamuona binaadamu.

Mwalimu_Dodoma:
Neno dogo juu ya ugumu, kwa kuwa nafundisha Fasihi kidato cha tano na cha sita. Kuli ndicho chepesi kwa msomaji wa kisasa. Utengano kina msamiati wa Pwani mwingi, lakini hadithi inakubeba. Nyota ya Rehema hudai subira katika kurasa za kwanza, wanafunzi wangu wengi hukiacha hapo, na anayevuka hukimaliza. Peponi sijakisoma, nawaachia wengine.

Na kama duka hilo lina Rosa Mistika ya Kezilahabi, ongeza kwenye orodha yako. Kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, kisha baadaye kikaja kufundishwa humohumo. Rosa wa Ukerewe na baba yake Zakaria ni ndugu wa Maimuna na Maksuudi kwa upande wa Ziwa.

MzeeWaKariakoo:
Bi Mkubwa, nakubali kwamba Nyota ya Rehema kimeandikwa vizuri, lakini sikubali kwamba hotuba ni dosari. Watu wale wa 1948 na wa miaka ya hamsini walikuwa wakizungumza siasa kweli. Walikaa vikao usiku, walisoma magazeti kwa sauti, walibishana. Mwandishi akiwanyamazisha ili hadithi ipendeze, amewapunguza. Ninapomsoma Rashid akieleza mambo kwa wenzake, simwoni kuwa ananihutubia mimi. Namwona akiwaeleza watu ambao hakuna mwingine atakayewaeleza.

BiMkubwa_Unguja:
Hapo umenena kweli mzee wangu, na nalichukua. Lakini dada yetu kauliza kwa mintarafu ya Yasmin.

MjukuuWaMuscat:
Naandika kutoka Muscat. Babu yangu mzaa mama aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na Kiswahili nimekipata kwa bibi yangu, jikoni kwake. Nataka niongeze kitabu ambacho hakimo kwenye orodha, kwa sababu bila ya hicho ulinganisho huu una pengo: Kasri ya Mwinyi Fuad, cha Adam Shafi pia, cha 1978.

Tazameni, mwenye mali katika kitabu hiki na katika Nyota ya Rehema anaitwa Fuad, na vimepishana miaka miwili tu. Fuad wa Adam Shafi ni dhalimu mtupu. Kijakazi, anayemtumikia kasrini, anateswa toka alfajiri mpaka usiku. Mapinduzi yanapofika, msomaji anayangoja kama pumzi. Mimi nilikisoma kwa shida kubwa. Nilikuwa nikiweka kitabu chini nikimfikiri babu yangu, aliyekuwa na mikarafuu yake, na ambaye kwangu alikuwa mtu mpole kuliko wote. Sikukiacha. Nilijiambia kwamba huyo Kijakazi alikuwepo, kwamba mahali fulani kulikuwa na mtu aliyekuwa akiamka kabla ya babu yangu ili yeye apate kunywa kahawa, na hapana aliyewahi kunisimulia habari zake.

Kisha nikasoma Nyota ya Rehema. Hicho kilinieleza jambo ambalo Kasri haikunieleza, namna ubaguzi ulivyokuwa ukikaa ndani ya mapenzi yenyewe, baba anaweza kumpenda mke na kumkana mtoto. Bibi yangu nilimsomea sura za mwanzo. Alinisimamisha, akanambia, "Rehema wangapi tuliwajua." Akanitajia majina.

Kwa hiyo shauri langu: Nyota ya Rehema kwanza. Kasri baadaye. Ukivigeuza, Kasri itakufanya uwe na hasira kiasi cha kutomsikia Rehema akizungumza taratibu.

BintiTanga:
Mjukuu, asante kwa kutuamini na maneno hayo. Nimeyasoma mara mbili.

Bado hakuna aliyeisemea Peponi. Ni kwa sababu ni tafsiri?

Salum_wa_Feri:
Mimi naisemea, na kwa nguvu zote. Abdulrazak Gurnah ni mzaliwa wa Zanzibar, alitunukiwa Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, na kitabu hiki alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka 1994. Tafsiri ya Kiswahili ni kazi ya Ida Hadjivayanis, imechapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Ninayeandika hapa nimesoma vyote viwili, na naipenda zaidi ya Kiswahili. Wahusika wale, tangu mwanzo, walikuwa ni watu wa Kiswahili. Wafanyabiashara, wapagazi, watoto wa dukani, wote wanasalimiana, wanataniana na kutishana kwa lugha hii. Katika tafsiri wamerudishiwa ndimi zao.

Yusuf ana miaka kumi na miwili baba yake anapomkabidhi kwa Ami Aziz, tajiri, ili kulipia deni. Mtoto hajui. Anadhani anakwenda kutembea. Dukani anamkuta Khalil, naye kijana wa deni vilevile, na kuna bustani nyuma ya ukuta ambayo Yusuf anaitamani. Baadaye anachukuliwa katika msafara wa biashara kwenda bara, wakati Wajerumani wameshaanza kuishika nchi. Hii ni zama ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, yaani kabla ya Kuli, kabla ya Vuta n'kuvute, kabla ya yote mliyoyataja.

Dada BintiTanga, Yasmin alitolewa kwa Raza, Yusuf alitolewa kwa Aziz. Wote wawili wametolewa na wazazi wao, mmoja kwa jina la ndoa na mwingine kwa jina la deni. Kama hilo ndilo lililokuumiza, basi Peponi ndiyo njia. Tena huyu ni mvulana, mzuri wa sura, na uzuri wake unamletea balaa kama ungemletea msichana. Sijakutana na riwaya nyingine ya Pwani iliyothubutu kulieleza jambo hilo kwa utulivu namna ile.

MsomajiNakuru:
Hoja ya kutolewa imenigusa, sikuwahi kuwaweka Yasmin na Yusuf pamoja. Swali: Yusuf anafanya nini na hali yake? Yasmin anatoroka. Maimuna anatoroka. Rehema, kwa maelezo ya Bi Mkubwa, anakimbia.

Salum_wa_Feri:
Yusuf anatazama. Muda mrefu wa kitabu anatazama tu. Wapo wanaokereka na hilo. Kwangu ndilo linaloaminika, mtoto aliyewekwa rehani hana pa kukimbilia, na Khalil anamwambia hivyo mara kwa mara.

Mwalimu_Dodoma:
Basi hapo umetupa kigezo kizuri kuliko changu cha ugumu wa lugha. Anayetaka mhusika anayevunja mlango, achukue Utengano au Kuli. Anayeweza kukaa na mtu asiye na mlango wa kuvunja, achukue Peponi. Nyota ya Rehema nadhani iko katikati.

BintiTanga:
Nimeamua. Nachukua Nyota ya Rehema. Mzee wangu wa Kariakoo usinune, Kuli itakuwa ya mwezi ujao, kwa sababu maneno yako kuhusu watu waliozungumza siasa kweli yamenifanya nirudi kwa Denge. Kuna mahali nilimpita haraka nikiwahi kurudi kwa Yasmin. Nitazisoma upya sura zake za vikao.

MzeeWaKariakoo:
Sinuni hata kidogo. Ukimaliza Kuli utafute na Haini, cha 2003. Adam Shafi anaingia gerezani na Hamza, katika msako uliofuata kuuawa kwa Rais Karume Aprili 1972. Mwandishi mwenyewe aliwahi kufungwa wakati ule. Ni kigumu kukisoma usiku. Ukitaka kupumua baada yake, soma Mbali na Nyumbani, safari ya ujana wake akiondoka Zanzibar kwenda kutafuta masomo ng'ambo.

BiMkubwa_Unguja:
Na vijana wanaoandika sasa wasisahauliwe. Zainab Alwi Baharoon wa hapa kwetu ameandika Mungu Hakopeshwi, kikapata tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell. Tumezungumza mchana kutwa juu ya Yasmin, Maimuna na Rehema, na wote watatu wameandikwa na wanaume. Nataka wasichana wetu wasome na yaliyoandikwa na mwanamke wa Kizanzibari, wayapime wenyewe.

MsomajiNakuru:
Hili la Bi Mkubwa lingestahili uzi wake. Nani ana nakala ya Mungu Hakopeshwi Kenya? Na Nyota ya Rehema pia naitafuta. Ilichapishwa na Oxford hapa Nairobi, lakini kila duka ninaloulizia wananiambia haipo.

Salum_wa_Feri:
Usiishie madukani. Pita kwa wale wanaotandaza vitabu chini pembezoni mwa barabara, nyakati za asubuhi kabla rundo halijachambuliwa. Uwaambie jina la kitabu na uwaachie namba yako, wao hupigiana simu wenyewe kwa wenyewe. Kabla hujalipa, fungua katikati na mwisho uhakikishe kurasa hazijachanika, maana nakala za zamani gundi yake imekauka na karatasi huchomoka.