Mjadala: Yatima wa Bukavu alelewe wapi, na nani atakayempigia hodi?

Ndugu zangu mnaofanya kazi katika vituo vya watoto, katika huduma za ustawi wa jamii na katika idara za elimu za vyuo vyetu, naomba tujadili kwa uwazi swali linalotugawa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC): mtoto aliyefiwa na wazazi au aliyetelekezwa, apelekwe kituoni au atafutiwe familia ya kumlea? Upande mmoja unadai vituo vifungwe kidogo kidogo, kwa kuwa mtoto hukua vizuri mikononi mwa watu anaowaita mama na baba. Upande wa pili unajibu kwamba katika nyumba nyingi za Kadutu na Bagira, sehemu za mji wetu, mtoto wa marehemu hugeuzwa mtumishi, ilhali kituoni anakula, ana kitanda chake na anasoma. Mimi nasimama upande wa familia, lakini kwa sharti moja ambalo pande zote mbili hulipita juu juu: familia hiyo itembelewe.

Wanaotetea familia hupenda kutaja Bucharest. Mwaka 2000 watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianza kuwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa wakiishi katika vituo vya mji huo wa Romania. Kwa kura, nusu yao walipewa familia za malezi na nusu wakaendelea na matunzo ya kawaida. Waliopewa familia walionekana kuwa mbele kwa ukuaji wa akili na kwa uwezo wa kushikamana na mlezi, hasa waliotolewa kituoni kabla ya kutimiza miaka 2. Wanaotetea vituo nao wana utafiti wao: mwaka 2009 Kathryn Whetten na wenzake walichapisha matokeo kutoka Kambodia, Ethiopia, India, Kenya na Tanzania, ambako watoto wa miaka 6 hadi 12 waliolelewa vituoni hawakuonekana kuwa na hali mbaya kuliko wenzao waliolelewa nyumbani, iwe kwa afya, kwa akili au kwa hisia.

Tafiti hizi tunazipiganisha bure. Ule wa Bucharest unahusu watoto wachanga na wanaoanza kutembea, na kwa umri huo sioni cha kubishania: walezi wanaopokezana zamu hawamfai mtoto wa miezi minane, hata kituo kiwe safi namna gani. Ule wa nchi tano unahusu watoto waliokwisha kufikia umri wa shule, na nyumba zilizolinganishwa na vituo zilikuwa nyumba za kawaida, za mzazi aliyebaki, za bibi, za jamaa. Za Bucharest hazikuwa za namna hiyo. Walezi wale walichaguliwa, wakafundishwa, wakalipwa posho kila mwezi, na wafanyakazi wa ustawi wa jamii walikuwa wakiwatembelea. Kwa hiyo anayetaka matokeo ya Bucharest bila matembezi yale anadai mavuno ya shamba asilolilima.

Nieleze matembezi ninayoyasema. Tuseme msichana wa miaka 9 amepokelewa na shangazi yake kule Cimpunda. Mtembeleaji mzoefu hamwulizi mtoto mbele ya shangazi kama anatendewa vema, kwa sababu jibu analijua kabla hajauliza. Huomba kuona daftari. Hufungua kurasa akisoma tarehe zilizoandikwa juu, na akiona kwamba katika kila juma kuna siku mbili zisizo na somo lolote, wakati madaftari ya binamu zake hayana pengo, anajua pa kuanzia mazungumzo. Hutazama pia bidoni la lita 20 kando ya mlango na kuuliza, kama jambo la kawaida, ni nani hushuka kuchota maji asubuhi. Halafu humsikiliza shangazi, maana naye ana yake: ada, chakula, mume asiyemtaka mtoto huyu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wengi wetu tunaohubiri kwamba ukoo ubebe mayatima hatujawahi kumwuliza mbebaji unamwelemea wapi.

Sheria ya Kongo ya kumlinda mtoto, nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, imekwisha kusema nani mwenye kazi. Mtoto aliye katika hali ngumu huwekwa na mfanyakazi wa ustawi wa jamii, ama katika familia, ama katika taasisi iliyoidhinishwa. Lakini mfanyakazi huyo, akiwa wa serikali, mara nyingi hana hata nauli ya pikipiki ya kupanda vilima vyetu. Akiwa wa mradi, hutembelea mpaka fedha za mradi ziishe. Hayo yalikuwapo kabla ya waasi wa M23 kuingia mjini Februari 2025 na benki kufungwa. Baada ya hapo hata kumfikishia mtu posho yake kukawa shida.

Wakuu wa vituo wananiambia kwamba watoto wao hawana pa kurudi. Kwa baadhi ni kweli kabisa. Mtoto aliyeitwa mchawi na watu wa nyumbani kwake hawezi kurudishwa kesho yake kwa watu walewale, ingawa sheria hiyohiyo inaadhibu tuhuma hiyo. Huyo anahitaji kituo kwa muda, kwa heshima zote. Ila shirika la Save the Children lilikadiria mwaka 2009 kwamba duniani angalau watoto 4 kati ya 5 wanaoishi vituoni wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa bure tangu Septemba 2019, lakini sekondari inalipiwa, na mama mjane anayempeleka kijana wake kituoni ili asome anatuonyesha wazi anachokikosa. Kumlipia ada akiwa nyumbani ni nafuu kuliko kumlipia kitanda, mpishi na mlinzi. Mafuriko ya Kalehe ya Mei 2023, yaliyoua watu zaidi ya 400 huko Bushushu na Nyamukubi, yaliacha mayatima; hoja yangu ni kwamba mfadhili aliyekuwa tayari kujenga jengo kwa ajili ya watoto kama hao angeweza kugharimia wafanyakazi wa kuwatembelea kwa bibi na wajomba, kwa miaka kadhaa.

Basi nawaomba wakuu wa vituo watujibu hapa: kati ya watoto mliowarudisha katika familia mwaka uliopita, ni wangapi mmeingia nyumbani kwao baada ya miezi sita? Na ninyi watafiti wa vyuo vya Bukavu, ni nani kati yenu aliye tayari kuwafuata watoto waliotoka vituoni na wale waliobaki, akiwa na maswali yaleyale kwa wote, ili mwakani tubishane kwa takwimu za Kadutu na Bagira?