Msingi wa transfoma umechelewa wiki 3, mbona tarehe ya kuwasha haisogei?

Mpimaratiba: Wakuu, naombeni msaada. Ratiba ya kituo cha kupoza umeme cha kV 220, iko kwenye Primavera P6 (programu ya kupanga ratiba). Msingi wa transfoma umechelewa wiki 3. Nimeingiza maendeleo, nimekokotoa upya, tarehe ya kuwasha kituo iko palepale. Akiba ya muda ya msingi (siku unazoweza kuchelewa bila kusogeza mwisho wa mradi) inasoma siku 190. Sharti la tarehe (tarehe iliyobanwa kwa mkono) sijaweka popote.

Zege28: Hizo 190 ndizo zinazokuumbua. Msingi wa transfoma kuwa na akiba ya miezi 6? Maana yake hakuna kinachousubiri. Umeufunga na kazi gani mbele?

Mpimaratiba: Ukuta wa kuzuia moto, kuanza-kwa-kuanza, nyongeza siku 5 (yaani ukuta unaanza siku 5 baada ya msingi kuanza).

Zege28: Ndiyo hapo. Kiungo hicho kimeshika kuanza tu. Mwisho wa msingi unaning'inia, hata ukimalizika mwakani hausukumi kitu. Ufunge kumaliza-kwa-kuanza (inayofuata haianzi kabla ya hii kuisha) na zege kukomaa, kisha kukomaa na kuteremsha transfoma. Na kukomaa kuwe shughuli yenye kalenda ya siku 7, si nyongeza ndani ya kiungo: siku 28 kwenye kalenda ya siku 6 kwa wiki zinageuka 32 au 33, wakati zege halipumziki Jumapili. Halafu tengeneza nakala ya ratiba, upe msingi siku 600 kwa makusudi, kokotoa. Kuwasha kusiporuka mbali, bado kuna kiungo kimekatika.

Relei_na_Kebo: Naongezea: kagua na nyuma ya msingi. Mchoro wake hautoki kabla mtengenezaji wa transfoma hajaleta uzito, vipimo vya kitako na ujazo wa mafuta (bwawa la kuyakinga yakimwagika linakadiriwa kwa huo). Ratiba nyingi zina ununuzi na ujenzi visivyosalimiana kabisa.

Upande wa mwisho, usiruke kutoka kufunga transfoma hadi kuwasha. Kati yake kuna kunyonya hewa, kujaza mafuta, kuyaacha yatulie, kupima sampuli. Betri na chaja zake ziwe hai kabla ya kujaribu relei (vifaa vinavyogundua hitilafu na kuamuru swichi zikate umeme). Majaribio yapange kwa mifumo, si kwa maeneo: eneo linaweza kusoma 95% na usiwashe kitu, kisa kebo moja ya kukatisha swichi haijaunganishwa.