Kigoma: Nataka kurudisha timu ya mtaa uwanjani, nifanyeje vijana wasiambukizane korona?

Kocha_Katubuka (Jumamosi, 7 Agosti 2021)
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha timu ya mtaa hapa Katubuka, vijana 22. Wimbi hili la tatu lilipopamba moto nikasimamisha mazoezi, sasa wiki mbili. Kesho Jumapili saa kumi tunaanza ndondo, mashindano ya mtaani. Nimeandaa ndoo mbili za maji tiririka na sabuni, na kupeana mikono nimekataza. Nini kingine nifanye? Nina wasiwasi sana, usiku silali.

Mgebuka_Mkavu
Kocha, tarehe 25 Julai Simba na Yanga wamecheza fainali hapohapo Lake Tanganyika, uwanja umefurika. Aliyeumia siku ile ni Yanga peke yake, na aliyemuumiza ni Lwanga wa Simba kwa bao lake.

Ujiji_Mtaa_wa_Pili
Mmenikumbusha mwaka jana. Ligi ilisimama Machi, ikarudi Juni 13. Miezi yote hiyo sisi tulikuwa tunacheza kwa kujificha kule Kibirizi, jua likikaribia kuzama ziwani. Tukitoka hapo, nyungu kwa bibi: mchaichai, mwarobaini, malimao, watu wanne ndani ya blanketi moja. Nikifikiria leo, wanne ndani ya blanketi moja tukipumuliana! Mmoja wetu aliungua mguu na sufuria, kovu analo mpaka leo.

Nesi_wa_Zamu
Ndoo ni jambo jema, kaka, ila uwanja wa wazi una hewa, hatari kubwa haiko pale. Iko kwenye Hiace mliyobanana vioo vimefungwa. Iko kwenye chupa moja ya maji inayopita midomo kumi na moja, na kwenye kile chumba mnachojazana kusikiliza maelekezo. Kila kijana aje na chupa yake, maelekezo toa nje, watazamaji wavae barakoa na waachiane nafasi. Anayekohoa abaki nyumbani.
Lakini mtu hakosi usingizi kwa ajili ya ndoo. Nani anaumwa?

Kocha_Katubuka
Kuna mmoja, kipa. Mafua tu, ameshapona.

Nesi_wa_Zamu
Mafua ya lini? Harufu anasikia?

Kocha_Katubuka
Yalianza Alhamisi tarehe 29. Homa siku tatu. Harufu alipoteza kabisa, dagaa wanakaangwa mlango wa pili yeye hasikii kitu. Hakupimwa. Homa imeisha, ila jana nilimkimbiza kidogo akasimama, akashika kifua, akasema moyo unamwenda mbio hata baada ya kukaa.
Naomba mnielewe. Ada ya ushiriki, elfu hamsini, nimeshalipa kutoka mfukoni mwangu. Usajili umefungwa, na kipa wa pili yuko Uvinza kwenye msiba. Nafikiria nimchezeshe kipindi kimoja tu. Kipa hakimbii kama winga.

Mgebuka_Mkavu
Hii chai. Juu umeandika mazoezi umesimamisha wiki mbili, huku chini jana ulimkimbiza kipa. Na kipa wa pili kapata msiba wiki hiihii? Wakuu, tusipoteze bando.

Gungu_Juu
Hata mimi nimeshtuka. Weka picha ya fomu ya usajili.

Kocha_Katubuka
Siweki fomu, ina majina ya watoto wa watu. Mazoezi ya timu yamesimama kweli. Jana nilimkimbiza yeye peke yake, alfajiri, kwa sababu ni mdogo wangu, tunaishi nyumba moja. Sikutaka kulisema kwa sababu najua mtauliza habari za mama. Mama ana miaka 61, ana kisukari, na ndiye aliyekuwa anampelekea uji chumbani.

Binti_Kasulu
Kaka, mama mzazi unamweka chini ya elfu hamsini? Mtaniwia radhi, lakini mpira umewapofusha vijana wa mkoa huu.

Ujiji_Mtaa_wa_Pili
Mmemsahau Eriksen, yule mchezaji wa Denmark, Juni 12, Copenhagen? Alianguka bila kuguswa na mtu.

Nesi_wa_Zamu
Eriksen haikuwa korona, tusichanganye. Ila hofu yako ina msingi: kirusi hiki kinaweza kuacha uvimbe kwenye misuli ya moyo, na moyo wa namna hiyo ukiulazimisha kazi nzito unaweza kugoma ghafla. Na kipa ndiye anayekaa kimya kisha anaruka kwa nguvu zake zote.
Kocha, kifua na moyo kwenda mbio si vya kusubiri. Mpeleke hospitali ya Maweni leo hii, mwambie daktari kila ulichotuandikia hapa, na uulizie kipimo cha umeme wa moyo. Mama apimwe na sukari yake iangaliwe. Kama hana dalili, ulizia chanjo iliyozinduliwa Julai 28, wenye kisukari wako kwenye kundi la kwanza.

Mgebuka_Mkavu
Kocha, nilisema chai, nisamehe. Mpeleke dogo.

Kocha_Katubuka
Asanteni. Bodaboda ameshafika, tunatoka. Wakisema yuko sawa, basi kesho saa kumi atadaka.

Nesi_wa_Zamu
Hata wakisema yuko sawa, kesho hadaki. Zipite angalau siku saba hana dalili yoyote, na dalili alikuwa nayo jana. Baada ya hapo anaanza kwa kutembea, halafu mbio za taratibu, na mpira ndio wa mwisho. Kesho golini muweke beki.